Kuijenga upya Honda CG125 ya zamani iwe kafe resa: tuanze na mkao, siti ije mwisho

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Maswali kuhusu pikipiki za mtindo wa kafe resa (pikipiki za kawaida zilizopunguzwa uzito na kushushwa usukani ili mwendeshaji alale mbele) yamekuwa mengi humu, na majibu mengi huishia kwenye picha za siti zenye nundu na taa za duara. Nimeona nifungue uzi mmoja unaoeleza kazi yenyewe, nikitumia Honda CG125 ya zamani kama mfano, kwa kuwa ndiyo iliyo gerejini kwangu sasa na ndiyo ambayo wengi wetu tunaweza kuipata bila kuuza shamba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga aanzie hapo. Kinachoifanya pikipiki iwe kafe resa ni mkao wa anayeiendesha. Usukani, siti na vikanyagio huhama pamoja au havihami kabisa. Ukishusha usukani ukaacha vikanyagio pale vilipokuwa, utapata pikipiki ya kupigia picha, ambayo itakuumiza viganja na kiuno kabla hujatoka Dar ukafika Kibaha.

Mkao huo haukubuniwa kwa ajili ya urembo. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walikuwa wakikutana Ace Cafe, mgahawa wa kando ya barabara ya North Circular uliofunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Fahari yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, kwa pikipiki ambazo nyingi zilipotoka kiwandani hazikuweza kufika hapo. Kuongeza nguvu za injini kulihitaji fedha. Kupunguza uzito na kumlaza mwendeshaji kulihitaji spana tu. Ukinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukiwa mara mbili upepo hukukinza mara nne, na kifua kilichosimama wima ndicho kinachoupokea.

Waliojiweza zaidi walichukua fremu ya pikipiki ya Kiingereza ya Norton, iitwayo Featherbed, kazi ya ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, wakaifungia injini ya Triumph, kampuni nyingine ya pikipiki ya Uingereza, na mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Fremu hizo zilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Madereva wa magari madogo ya mashindano ya cc 500 walikuwa wakiitaka injini ya Norton Manx, pikipiki ya mashindano, lakini kiwanda hakikuwa tayari kuwauzia injini peke yake, hivyo wakanunua pikipiki nzima, wakatoa injini, na fremu zikabaki zinatafuta mwenyewe.

Sasa kwa nini CG125, pikipiki ambayo haitafika maili 100 hata ikisukumwa mlimani? Kwa sababu iliundwa kwa ajili ya watu kama sisi. Honda walikwisha kuona kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati, na injini zenye kamu (shafti inayofungua valvu) iliyo juu ndizo zilizokuwa zikiumia kwanza. CG ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na kamu iliyo chini, karibu na krenki, fimbo mbili za kusukuma valvu, na cheni iliyofunikwa yote dhidi ya vumbi. Mwaka huohuo kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazili, kilianza kazi kwa kuunda pikipiki hiyohiyo. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na ndiyo maana leo gasketi, ringi, klachi na kebo za familia ya CG zinapatikana karibu kila duka linalohudumia bodaboda. Mwenye Honda CB750, pikipiki kubwa ya silinda nne, atasubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Mwenye CG anatembea hadi duka la jirani.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi nina pikipiki ya Kichina yenye injini iliyoandikwa 156FMI. Je, hiyo nayo ni familia ya CG, au nitanunua vipuri nikajikuta vimenigomea?

Mleta uzi

Swali zuri sana, mkuu, na maandishi hayo huwapoteza wengi. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni kwamba injini ni ya pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Ya cc 150 utaikuta imeandikwa 162FMJ. Hakuna herufi hata moja inayokuambia kama valvu zinasukumwa na fimbo au kamu iko juu na inazungushwa na cheni ya ndani. Kuna 156FMI za fimbo, zilizonakiliwa kutoka CG, na kuna 156FMI za cheni, zilizonakiliwa kutoka familia ya CB, Honda nyingine zenye kamu ya juu. Ringi zinaweza kuingiliana. Gasketi ya juu na kichwa cha silinda haviwezi. Nenda dukani na sehemu ya zamani mkononi, usitegemee namba.

Niendelee na injini, na hapa sitakaa sana kwa sababu mafundi wa CG wamejaa kila mtaa. CG asilia ina cc 124, kipenyo cha silinda milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5, na nguvu zake ni farasi 11 hivi. Mashine iliyokaa bandani miaka mingi usiiwashe kwa hamu. Toa plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda, iache ilale, kisha uizungushe kwa mkono taratibu. Ukifungua kifuniko cha upande wa klachi, safisha kichujio cha oili kinachozunguka na krenki, kile kikombe cha duara ambacho wengi hawajui kuwa kipo. Ndani yake utakuta tope jeusi lililoganda mithili ya lami, na hiyo ndiyo historia halisi ya pikipiki, hata muuzaji akuambie nini. Silinda ikiwa imeliwa, ichongwe kwa hatua za robo milimita na upate pistoni ya saizi hiyo. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo.

Usiishughulikie injini ili iwe na mbio. Ishughulikie ili iwe ya kutegemewa.

Mleta uzi (mwendelezo: mkao)

Kabla ya grenda kuwashwa, pikipiki isimamishwe wima kwa magogo au stendi, matairi yote mawili yakiwa na upepo, na tenki litakalotumika liwe mahali pake. Kisha mwendeshaji mwenyewe, si fundi, apande. Weka ubao juu ya fremu badala ya siti, mtu mwingine ashike bomba la chuma mbele kama usukani, na miguu ipumzike juu ya vipande vya mbao vilivyoshikiliwa pembeni. Sogeza vyote vitatu mpaka mwendeshaji aweze kuinama bila kuutegemeza mwili kwa mikono. Kipimo changu ni chepesi: akiwa ameinama, aachie usukani kwa mikono yote miwili. Akianguka mbele, vikanyagio viko mbele mno au usukani uko chini mno. Akibaki amejishikilia kwa mgongo na mapaja, hapo ndipo penyewe, na uweke alama kwa chokaa.

Kwa usukani, wengi hukimbilia vipande viwili vinavyobana kwenye mabomba ya shokapu za mbele. Pima mabomba yako kwa vernia (kipimio cha kipenyo) kwanza, kwa maana ya CG ni membamba na vibano vingi vinavyouzwa ni vya pikipiki kubwa. Kujaza nafasi kwa bati lililokunjwa ni kucheza na roho, kwa sababu kibano kikizunguka wakati umeshika breki huna usukani tena. Mbadala wa heshima ni usukani wa bomba moja ulioshuka kama herufi M, ambao hukaa kwenye vibano vilevile vya kiwandani. Ndio uliokuwa ukitumiwa hata na vijana wa London wasio na fedha, kwa hiyo asikuchekee mtu.

Ukishaufunga, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, vidole vikiwa vimeshika. Kati ya kidole gumba na tenki pabaki nafasi ya kutosha hata ukiwa umevaa glavu. Kisha, injini ikiunguruma taratibu, rudia zoezi hilo. Mlio ukipanda unapozungusha, kebo ya mafuta imebanwa au ni fupi, na siku ukikunja kona ya mjini pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe. Kwa kawaida usukani ukishuka kebo huwa ndefu mno, nazo hujikunja kwa kona kali, klachi ikawa nzito bila sababu inayoonekana. Tengeneza kebo fupi; usizizungushe kama tambi nyuma ya taa.

Vikanyagio vikirudi nyuma, breki na gia lazima vifuate. Kwa breki ya nyuma, tunza uwiano wa pedali ya kiwandani, yaani urefu kutoka kwenye mhimili hadi unapokanyaga ukilinganishwa na urefu kutoka kwenye mhimili hadi fito inapofungwa. Ukifupisha upande wa mguu, breki itadai nguvu ambazo mguu uliokunjwa hauna. Swichi ya taa ya breki nayo ihamie huko. Kwa gia kuna njia ya mkato ambayo nimeiona mara nyingi: mkono wa gia unageuzwa kwenye shafti yake ili uelekee nyuma. Inafanya kazi, ila mpangilio unageuka, kilichokuwa kinakanyagwa kinanyanyuliwa na kilichokuwa kinanyanyuliwa kinakanyagwa. Unaweza kuuzoea ukiwa peke yako barabarani, lakini jambo la ghafla likitokea mbele yako mguu utarudia mazoea ya zamani. Fito yenye viungo vya mpira wa chuma pande zote mbili huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta uzi, mimi ni mchomeleaji, na pikipiki za namna hii huletwa kwangu zikiwa zimekwisha kukatwa. Ninaomba niongeze jambo kuhusu mkia wa fremu. Usikate mbele ya mahali shokapu za nyuma zinapofungwa, na usikate sambamba napo pia. Acha kipande cha bomba nyuma yake ili kuwe na mahali pa kuungia. Ile nusu duara ya kufungia mkia iwe ya bomba lenye kipenyo kilekile, na ndani ya kila kiungo kiingie kipande cha bomba jembamba kinachozama sentimita tatu hivi kila upande. Nitoboe matundu mawili ubavuni mwa bomba la nje, nichomelee kupitia matundu hayo, ndipo nizungushe weldi ya kiungo. Weldi iliyosagwa na grenda hadi ikalainika kama kioo hupendeza machoni, lakini mwenye pikipiki ajue kwamba kilichosagwa ndicho kilichokuwa kikishikilia.

Jingine, wakuu, betri itolewe na sidiai (CDI, kisanduku cha umeme kinachowasha plagi), kama ipo, ichomolewe kabla sijagusa fremu. Kibano cha ethi, yaani cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kikae karibu na ninapochomelea, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Kikifungwa kwenye rimu, umeme utapita kwenye beringi na kuzila.

Mleta uzi

Ahsante sana, fundi. Hilo la kibano cha ethi liwafikie wote.

Nikitoka kwenye mkia, kuna jambo ambalo macho huliona kabla akili haijalitambua: mstari wa chini. Kwenye kafe resa iliyotulia, ukingo wa chini wa tenki na ukingo wa chini wa siti hufuatana kwa mstari mmoja ulionyooka, sambamba na ardhi au ukishuka mbele kidogo sana. CG ya kiwandani haiko hivyo, kwa kuwa siti yake ilikusudiwa kubeba watu wawili na gunia. Simama mbali, piga picha kutoka ubavuni kwa usawa wa injini, kisha weka rula juu ya picha. Mara nyingi utakuta kinachotakiwa ni kuinua bolti ya nyuma ya tenki kidogo na kunyoosha mabomba ya siti, wala si kununua kitu.

Wengine hutafuta mstari huo kwa kuinua nyuma kwa shokapu ndefu, au kwa kushusha mbele, mabomba ya shokapu yakipandishwa ndani ya vibano vyake. Njia zote mbili zinasimamisha pembe ya shingo ya fremu na kupunguza umbali kati ya mahali mhimili wa usukani ungegusa ardhi na mahali tairi linapogusa. Umbali huo ndio unaoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe. Milimita 10 hutazihisi vibaya, pengine utafurahia wepesi wake wa kukunja kona. Ukizidisha, usukani utaanza kutikisika kwenye mwendo, na barabara zetu zenye matuta hazisamehi. Kumbuka pia stendi ya pembeni: nyuma ikipanda, stendi inakuwa fupi na pikipiki inalala kupita kiasi.

Siti yenyewe sasa. Bati au faibaglasi chini, sponji ngumu juu, na nundu nyuma ambayo kazi yake ya asili ni kukuzuia usiteleze unapofungua mafuta. Betri ndogo na vifaa vya umeme vinaweza kukaa ndani ya nundu hiyo. Sina la ziada. Fundi wa makochi yeyote mzuri ataifunika vizuri kuliko mimi.

Mchangiaji wa nne

Kaka, nimesoma kwa utulivu hadi hapa, nami sikubaliani na msingi wenyewe. CG za miaka ya mwanzo zinaisha. Unapochukua iliyodumu tangu miaka ya 1970 ukaikata mkia, umeharibu kitu ambacho hakiwezi kurudishwa, kwa ajili ya mtindo ambao ni wa Waingereza na ambao baada ya muda utapita. Mzee wangu alikuwa nayo moja, ya kazini, na leo ningelipa fedha nyingi kuipata ikiwa vilevile.

Mleta uzi

Dada, hoja yako ninaikubali kwa sehemu kubwa, na ningependa wanaoanza waisome kabla ya kununua grenda. CG iliyokamilika, yenye tenki lake, vifuniko vya pembeni, kifuniko cha cheni na kadi yake, irudishwe katika hali yake ya kiwandani, na mwenye kuikata ningemwita mharibifu bila kuona haya. Ninayoizungumzia ni ile iliyokwisha kupoteza vitu hivyo, iliyopakwa rangi ya brashi na kufungwa madigadi ya mashine nyingine. Kwa hiyo hakuna cha asili kilichobaki isipokuwa fremu na injini, na hivyo viwili ndivyo tunavyoviokoa. Hata hivyo, kipande cha mkia kinachokatwa kihifadhiwe. Kuhusu mtindo kuwa wa Waingereza, hapo tutofautiane kwa heshima: kuondoa kisichohitajika kwenye chombo ili kiwe chepesi ni jambo ambalo mafundi wetu wanalifanya kila siku, wao hawaliiti kafe resa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kuna picha nyingi zenye vichujio vya hewa vya koni vilivyofungwa moja kwa moja kwenye kabureta, boksi la hewa likiwa limeondolewa ili pembetatu ya fremu ibaki wazi. Hilo unalionaje? Na umeme wa volti 6 niuache?

Mleta uzi

Pembetatu iliyo wazi inapendeza, sikatai. Lakini boksi la hewa linatuliza mkondo wa hewa na jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, zimepangwa kulingana nalo. Ukiliondoa, hewa inazidi, mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inachemka, na plagi utaitoa ikiwa nyeupe. Itabidi upandishe jeti kuu hatua kwa hatua, kila mara ukiendesha umbali wa kutosha kisha kutazama plagi, mpaka iwe na rangi ya kahawia kama ya kahawa yenye maziwa. Ikiwa nyeusi na kavu umepitiliza. Hilo linawezekana. Lisilowezekana ni kulishawishi vumbi la Dodoma mwezi wa nane lisipite kwenye koni ya bei poa. Mimi huliacha boksi, nikalipaka rangi nyeusi isiyong'aa, na hakuna anayeliona.

Volti 6 usiiache kama utaendesha usiku. Taa yake hufifia injini ikipunguza mwendo, wakati ambao ndio unaohitaji kuona kona. Lakini kubadilisha kuwa volti 12 si kubadilisha betri tu. Koili za magneto, rektifaya yenye kidhibiti, balbu zote, honi na kifaa cha kuwasha indiketa lazima viende pamoja. Sahani ya magneto ya injini za kisasa za familia hii inaweza kukubali, ila pima mahali pa bolti na ulinganishe kitovu cha sumaku na ncha ya krenki kabla ya kulipa.

Kuhusu sproketi, kwa kuwa najua litaulizwa: ukiweka ya mbele yenye meno 15 badala ya 14, uwiano unarefuka kwa asilimia 7 hivi. Kwenye tambarare injini itatulia. Kwenye mlima utajuta, maana farasi ni walewale 11.

Tenki lenye kutu ndani hujazwa siki, likaachwa usiku mzima, likasuuzwa kwa maji yenye magadi, likakaushwa mara moja na kupakwa oili ndani. Likihitaji kuchomelewa, lijazwe maji hadi karibu na tundu lenyewe, hata kama limekaa kavu mwaka mzima. Mvuke wa petroli hubaki kwenye mikunjo ya bati, na ndio unaolipuka.

Mchangiaji wa tatu

Na makaratasi, mkuu? Wateja wangu wengine walikwisha kusimamishwa njiani.

Mleta uzi

Kadi ya usajili ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu. Ifunikwe kwa utepe wa karatasi wakati wa kupiga msasa na wakati wa kupaka rangi, kwa sababu namba iliyojaa puti husomeka kama namba iliyofutwa, na hapo utajieleza mpaka jioni. Ukibadilisha injini au rangi, mabadiliko hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu, kwa TRA kwa walio Tanzania na kwa NTSA kwa walio Kenya, na risiti ya injini uliyonunua uitunze. Vioo, indiketa na taa ya namba vibaki hata kama picha zote ulizozipenda hazina. Vioo vidogo vya duara vinavyofungwa kwenye ncha za usukani vinafaa, mradi uone kilicho nyuma yako na si kiwiko chako.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, na spana ziwe mfukoni. Ukirudi, kaza upya bolti za injini, vibano vya usukani, vikanyagio na nati ya shingo, kwa maana rangi mpya iliyo chini ya washa hubonyea na bolti hulegea bila wewe kugusa kitu. Oili ya kwanza baada ya kuchonga silinda imwagwe mapema, ingali na moto, na uitazame juani ndani ya beseni jeupe. Vumbi laini linalometameta ni ringi zinazokaa mahali pake. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, zima, ufungue tena, na utuletee picha humu.

Nitakaporudisha tenki kutoka kwa fundi rangi nitaweka vipimo vya vikanyagio na mchoro wa fito ya gia.